Neno la Mlangoni

Kosa langu lilikuwa la neno moja, tena neno ambalo hata mtoto wa chekechea hulitumia bila kujikata: kukaa. Nilikuwa nimetoka zamu ya dobi hotelini, macho yamejaa mvuke wa pasi, nikapanda basi jeupe. Mabasi ya wafanyakazi hapa Doha karibu yote ni meupe, na mimi nikishachoka sisomi kilichobandikwa kwenye kioo. Nafuata kiti kilicho wazi. Nilipoamka sikuwa njia ya Al Wukair ninakolala. Nilikuwa The Pearl, kile kisiwa walichojitengenezea wenye nazo, na dereva ananieleza kwa mikono kwamba niteremke ningoje basi la kurudi.

Nikakaa kwenye benchi la mawe. Mbele yangu boti za matajiri zilikuwa zimepangwa kama viatu nje ya msikiti. Mtu aliyechoka na kupotea kwa pamoja hana la kufanya ila kujipiga picha, basi nikajipiga, nikaituma kwa kundi la familia. Nilikusudia kuandika, "Nakaa hapa nangoja basi." Kidole gumba kikaishia njiani. Kilichofika nyumbani ni picha yangu mbele ya boti, na chini yake: "Nakaa hapa."

Sasa, mtu wa kwetu akisoma "nakaa hapa" hafikirii makalio na benchi. Anafikiria nyumba. Kaka yangu alijibu kwa kumshukuru Mungu kwa aya nzima. Mke wake akauliza boti ipi ni yetu. Ningesahihisha pale pale, lakini basi lilikuwa limefika, nikapanda, nikalala tena. Kesho yake nilikuwa na mapumziko, na siku ya mapumziko mimi sitoki kitandani isipokuwa nyumba ikiungua, na hata hapo nitauliza kwanza ni chumba gani. Wiki ikapita. Ukiacha uongo wa bahati mbaya ukae wiki nzima, unaota ndevu. Huwezi tena kuuita mtoto. Na nisijitakase: kuna raha kidogo katika kufikiriwa tajiri na mama muuza maziwa ambaye zamani hakuitikia salamu yako.

Sikujua kwamba picha ile ingefika shuleni kwetu.

Shule yenyewe ilikuwa ndogo kiasi kwamba mwalimu wa hesabu akikohoa kidato cha kwanza, kidato cha nne wananyamaza. Nilisoma pale mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Kila kidato kilikuwa na darasa moja tu. Wavulana walitoka majumbani asubuhi, wakakatiza mashamba ya mahindi na kuingia darasani suruali zimelowa umande hadi magotini. Sisi wasichana tulilala kwenye bweni lililokuwa zamani ghala la chama cha ushirika. Dawa ya kuhifadhia mahindi ilikuwa imeingia ukutani isitoke tena, na dumuzi, wale wadudu watoboao mahindi, walikuwa wanadondoka kutoka kwenye paa mmoja mmoja, wakituangukia kwenye blanketi kama watu waliofika kwao. Mamono, yaani sisi wageni wa kidato cha kwanza, tulilazwa chini kabisa ya boriti walikodondoka wengi. Mono ndiye aliyechota maji mtoni, ndiye aliyefagia, ndiye aliyelaumiwa sukari ya mtu ikipungua.

Mimi nilijitafutia njia yangu. Siku ya mbio za nyika nilikuwa na tumbo. Siku ya kulima shamba la shule nilikuwa na kichwa. Matroni alikuwa ananipa tembe mbili na kuniangalia kwa macho ya mtu anayejua, nami nikazipokea kwa uso wa mtu asiyejua kwamba anajulikana. Nilipofika kidato cha tatu nilikuwa nimelala bwenini mchana mara nyingi kuliko msichana yeyote tangu ghala lilipoacha kuwa ghala. Wenzangu wakaniita Dumuzi. Sikukasirika. Dumuzi ana chakula, ana paa, hakimbizwi nyikani.

Lakini muhula wa tatu, siku ya kuwaaga kidato cha nne, hata mimi nilipona. Siku hiyo hukuweza kuikosa. Asubuhi wazazi walifika, wamevaa nguo za kanisani, na mchungaji akawaombea watahiniwa. Watahiniwa walinyanyua kalamu zao juu zipate baraka: kalamu, rula, bikari, na kulikuwa na kijana mmoja aliyenyanyua betri ya kikokotoo kwa sababu ndiyo aliyokuwa na wasiwasi nayo. Wakati huo sisi wa kidato cha tatu tulikuwa jikoni tangu alfajiri tukisukuma chapati. Zilitoka na pembe kama ramani za nchi zisizopatana, lakini zilikuwa chapati, na kwa watu waliokula mchanganyiko wa mahindi na maharagwe mwaka mzima hakuna aliyekagua mipaka. Kisha matani. Kila anayeondoka alisimama, mdogo wake mmoja wa kidato cha chini akamsema hadharani, watu wakacheka mpaka benchi zikalalamika.

Na mwisho wa yote, kabla ya soda, lilikuja neno la mlangoni.

Utaratibu huo ulianza kwa ajali, kama mambo mengi mazuri ya watu maskini. Ukumbi wetu ulikuwa na milango miwili, mmoja ukapigiliwa misumari baada ya wizi wa sukari. Ukabaki mmoja. Siku ya kuaga benchi zilijaa hadi kizingitini. Mwaka mmoja, kabla mimi sijafika, mtu aliyewahi kusoma pale alikuja kuwasalimu wanaoondoka, akachelewa, akakosa pa kupita. Mwalimu mkuu wa wakati ule, mama mnene asiyependa kelele, akamwambia asihangaike, aseme hapo hapo aliposimama. Akasema, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Inasemekana alisema vizuri kuliko wageni wote wa meza kuu. Tangu siku hiyo, kila mwaka, mmoja wa waliotangulia alikuja kusimama mlangoni kuwaambia wanaotoka kule nje kukoje. Na sheria zake zilikuwa chache na hazikuandikwa popote: wa mlangoni hakatizwi. Hapigiwi makofi katikati. Na hasemi ya kuwafurahisha wakubwa, kwa sababu hajaingia ndani, hana kiti cha kuogopa kunyang'anywa.

Mwaka nilipokuwa kidato cha tatu alikuja dada mmoja aliyewahi kuwa kiranja mkuu. Nilipokuwa mono huyu ndiye aliyetupigia kengele, na tulimwogopa kuliko walimu, kwa kuwa walimu walikosea hesabu mara nyingine na yeye hakukosea. Sisi sote tulijua yuko chuo kikuu. Akasimama mlangoni na kanga kiunoni, akatunyooshea viganja vyake. Alisema alipita mtihani, barua ya chuo ikaja, na nyumbani hapakuwa na wa kumpeleka. Alikuwa anaponda kokoto chini ya daraja, upande wa pili wa kilima hicho hicho tulichokuwa tukikiona dirishani. Hakulia. "Msidhani kupita ni kufika," alisema. Kisha akatuambia nani wa kumwendea ofisi ya elimu ya wilaya kuomba msaada, kitu ambacho hakuna mtu aliyemwambia yeye kwa wakati, na akarudia jina la ofisi hiyo polepole ili hata wazembe walishike.

Hakuna aliyemkatiza. Mwalimu mkuu aliinama akaangalia viatu vyake mpaka mwisho. Kijana tuliyekaa naye benchi moja, mpole, mwembamba, hodari wa historia, alitokwa na machozi, akajipangusa kwa chapati aliyokuwa nayo mkononi, kisha akaila. Namkumbuka vizuri kwa sababu nilimcheka mpaka nikakanyagwa mguu. Yeye hakujali. Aliniambia baadaye kwamba siku akiwa mwalimu, mlango ule hautafungwa akiwa hai.

Mwaka wetu wa kuondoka, wadogo zetu walisema kwamba dumuzi wa ghalani wamepeleka malalamiko kwa mwalimu wa zamu, wanataka mtu wao asiruhusiwe kuondoka. Nilicheka nikiwa na soda puani. Aliyekuja mlangoni alikuwa muuza viatu vya mitumba. Alisema biashara inakwenda, ila kuna jambo alitaka kulalamikia. "Mliambiwa mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema. "Mimi nimeinama. Hakuna aliyeniambia mgongo hunyooka lini." Neno lile nimelibeba mpaka Doha. Linaniuma kiunoni kila nikiinamia pipa la shuka.

Basi miaka ikaenda, nikafika huku, picha ya boti ikaenda huko, na siku moja nikapata ujumbe kutoka kwa yule yule kijana wa chapati. Sasa ni mwalimu katika shule ile ile, mwenye tumbo na tai, ndiye msimamizi wa sherehe ya kuaga. Alianza kwa kuniita dada yetu wa Doha. Alisema mwaka huu wameamua neno la mlangoni lisemwe na mtu wa ng'ambo, na kwa kuwa teknolojia imekuja, nirekodi sauti, ataiweka kwenye maikrofoni mlangoni pale pale.

Nilimjibu kwamba mlango unataka miguu. Akasema dunia imebadilika. Nikasema mimi si wa kutolewa mfano, mimi hata mtihani nilipita kwa kuchechemea. Akasema ndiyo maana, watoto wataona kwamba hata Dumuzi amefika. Nikakubali haraka mno, na nitasema kwa nini.

Binti ya kaka yangu alikuwa miongoni mwa wanaoondoka. Mtoto huyu tangu akiwa mdogo alifunga kuku miguu kwa vitambaa, kuku wazima, akiwaambia wapone. Alitaka unesi, na kichwa alikuwa nacho, si kama changu. Lakini kaka alikuwa ameniambia kwamba kuna wakala anazunguka vijijini kuandikisha wasichana waje Uarabuni, na binti ameanza kusema kwamba hangoji matokeo ya mtihani. Ataandikishwa mara tu atakapoweka kalamu chini. Kaka alilisema kwa fahari. Mkewe akaongeza kwamba si ndiyo njia ya shangazi yake, na shangazi yake si anakaa pale kwenye maboti. Nilikaa na simu mkononi, na safari hii kukaa kwenyewe kulikuwa kwa kitandani.

Basi nikajua nitakalosema mlangoni.

Nilirekodi Ijumaa mchana. Chumbani kwetu tuko wanne, na watatu walikuwa wamelala, kwa hiyo nikaenda jikoni, ambako jirani yangu alikuwa anakaanga ndizi. Huyu ni Mganda, mlinzi wa jengo moja la ofisi, analala chumba cha pili. Ukuta kati yetu ni wa bodi. Najua ndoto zake na yeye anajua zangu. Kiswahili chake alikiokota njiani na hana nia ya kukipiga pasi. Aliposikia jaribio langu la kwanza akasema nasikika kama redio inayotangaza vifo. Nikaanza upya, kwa adabu ya kwetu, ya kutanguliza mema.

Nikasema hivi. Nawasalimu kutoka Doha. Mimi nililala ghala mnalolala. Huku kazi ipo, mshahara unaingia, sijapigwa na mtu wala sijalala njaa. Lakini nimesimama mlangoni, kwa hiyo niwaambie yote. Niliyoahidiwa na wakala ni kazi ya mapokezi, nivae skafu na kuwakaribisha wageni. Nilipofika nikapelekwa chini ya hoteli, kwenye dobi, hakuna dirisha. Mvua ikinyesha Doha, jambo la nadra, mimi husimuliwa. Nimepiga pasi shuka za watu wengi kuliko watu niliowahi kuongea nao maishani. Na kuhusu ile picha ya boti, nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikingoja basi. Nyumba yangu ni kitanda cha juu huko Al Wukair. Simkatazi mtu kuja. Nasema asije kabla hajajua amepata nini. Subirini matokeo yenu. Mtu akiwaharakisha, muulizeni anawahi nini.

Jirani alizima jiko, akasema hiyo sasa ni sauti ya mtu. Nikaituma.

Siku ya sherehe nilikuwa kazini. Jioni, kwenye basi, na safari hii nilisoma kioo mara mbili, nikafungua simu. Mwalimu alikuwa ametuma video kwenye kundi la waliosoma pale, na maua mengi chini yake. Nikaiona. Ukumbi ule ule. Mlango ule ule, sasa umepakwa buluu. Mkono wa mwalimu umeshika simu karibu na maikrofoni, na sauti yangu inatoka, nyembamba kama ya kuku aliyebanwa. Nawasalimu kutoka Doha. Nililala ghala mnalolala. Watoto wakacheka kwa furaha. Kazi ipo, mshahara unaingia, sijapigwa na mtu wala sijalala njaa.

Kidole cha mwalimu kikashuka. Sauti ikakatika. Kisha makofi.

Walikata kabla ya "lakini".

Na kabla makofi hayajaisha, mtu wa suti akasimama pale pale kizingitini, mguu mmoja ndani na mmoja nje, akasema kwamba wamesikia wenyewe kutoka kwa dada yao. Alikuwa wakala. Mkononi ana kadi za kuwatakia watahiniwa heri, mbele picha ya ndege, nyuma namba yake ya simu. Nikairudisha video hadi mwanzo niangalie sehemu ya maombi. Kadi zilikuwa juu, pamoja na kalamu. Mchungaji aliziombea zote kwa mkupuo mmoja, bikari na wakala.

Nimekasirishwa na mambo mengi hapa: foleni, joto, msimamizi anayehesabu foronya kana kwamba tunazila. Lakini hasira hizo ni za kupita, unazioga jioni. Hii haikuogeka. Mtu akinizushia uongo, nitamwita mwongo, tumalizane. Hawa walinitungia uongo kwa mdomo wangu mwenyewe, na kila neno lililomo ni la kweli. Nitakana lipi? Kwamba mshahara hauingii? Unaingia. Kwamba nililala njaa? Sikulala. Walichukua adabu yangu ya kutanguliza mema wakaifanya tangazo la biashara. Nami najua jinsi inavyosikika kule nyuma ya benchi, ukiwa na umri ule, chapati iko mkononi na dunia iko nje ya mlango mmoja tu. Sisi tulimwamini mponda kokoto. Tuliamini kwa sababu mlango ule haukuwahi kutudanganya. Sasa wamempangisha wakala kizingiti.

Kesho yake nilichoma foronya mbili. Msimamizi akauliza nina nini. Nikamwambia nina shule. Hakuelewa, akaandika.

Nilimpigia mwalimu kwa laini ya kawaida, kwa sababu simu ya mtandao hapa hukatakata, na sikutaka kumpa kisingizio. Alipokea kwa furaha, akaniuliza kama nimeona nilivyoshangiliwa. Nikamwuliza "lakini" yangu iko wapi. Akaanza na mambo ya muda: wazazi walikuwa na safari, mawingu yalitanda, mgeni rasmi alikuwa na mkutano mwingine. Nikamwambia aliyekosa muda hukata mwisho, hakati mahali mtu anapovuta pumzi.

Akashusha sauti. Akasema wakala ndiye aliyeleta soda na hema, na kwamba shule haina marafiki wengi. Akasema watoto hawa wanahitaji matumaini, si habari za chini ya ardhi.

"Mlangoni hakatizwi mtu," nikamwambia. "Wewe ulikuwapo. Ulilia mpaka ukajipangusa kwa chapati."

"Nililia, ndiyo. Na yule dada bado anaponda kokoto, Dumuzi. Ukweli wake ulimsaidia nani?"

Nilitaka kumwambia kwamba ulinisaidia mimi. Ulimsaidia hata msichana wa darasa letu aliyekwenda ile ofisi ya wilaya na kupata msaada. Ulimsaidia yeye mwenyewe aliyesema atakuwa mwalimu, akawa. Lakini salio lilikuwa linayoyoma, nikasema tu kwamba afadhali angeufunga mlango kabisa. Akacheka, si kwa ubaya, akaniambia nisiwe mtu wa hasira, na kwamba mwakani wataniomba tena. Nilikata simu. Ni kitu cha kijinga, lakini nilijisikia vizuri kukata nikiwa mimi.

Kisha nikafanya nililopaswa kufanya mwanzo. Nikamtumia binti ya kaka yangu sauti nzima, kutoka salamu hadi mwisho, nikamwambia asikilize peke yake. Mitihani ilikuwa inaendelea. Nikajipa moyo kwamba anasoma. Mwenzangu wa kitanda cha chini alisema nageukageuka sana, vumbi la godoro langu linamwangukia. Nikamwambia ashukuru si dumuzi.

Jibu lilikuja baada ya karatasi yake ya mwisho. Lilikuwa la maandishi, na Kiswahili chake ni safi kuliko changu.

"Shangazi, nimekusikiliza mara mbili. Nimeelewa habari ya dobi, na ya benchi nimeelewa, pole kwa kupotea. Mama amenuna ila atazoea. Yule wakala anarudi Jumatatu kuchukua majina, na wenzangu wengi wataandikishwa. Mimi nina swali moja. Kama kuko hivyo, mbona wewe hurudi? Nijibu hilo, halafu nitaamua kama nitangoja matokeo."

Nilisoma nikiwa nimesimama jikoni, Ijumaa nyingine, kijiko kwenye maharagwe. Jirani alikuwa mezani anamenya vitunguu. Nikamsomea kwa sauti, maana angesikia tu ukutani. Kisha nikabonyeza kinasa sauti nikaanza kumjibu mtoto.

Nilikuwa na mengi, na yalitoka. Nilimweleza mlango ule ulianzaje, na mama mnene asiyependa kelele, na sheria ya kutokatiza. Nilimweleza jinsi mwalimu wake alivyokuwa zamani na alivyo sasa. Nikasema kwamba wakala aliyesimama kizingitini hana haki ya kusimama pale kwa sababu hakuwahi kulala ghalani, hakuwahi kuchota maji mtoni, hajui hata mlango wa pili ulifungwa kwa nini. Nikasema kadi zisichanganywe na kalamu. Nikasema ni aibu, na kwamba zamani isingewezekana, na kwamba watu wazima wanaouza majina ya watoto kwa soda watajibu siku moja. Sauti yangu ilipanda. Kwa mara ya kwanza tangu nifike Doha nilihisi naongea kama mtu mwenye mahali pake. Maharagwe yakaanza kushika chini na sikuyageuza. Niliendelea hadi kidole kikachoka kubonyeza, nikashusha simu, nikavuta pumzi, nikamtazama jirani nikitegemea angalau atikise kichwa.

Alikuwa amemaliza kitunguu kimoja. Akachukua cha pili, akakikata katikati.

"Wewe Mkenya," akasema, "mtoto amekuuliza mbona haurudi, na wewe unamwambia habari ya mlango."